Amana ya Herufi

Kibao cha duka ni ahadi iliyotolewa hadharani. Aliyeandika juu ya mlango wake kwamba humo hushonwa nguo amewaahidi wapitao njia, awajuao na asiowajua, kwamba wakiingia watamkuta mshoni, si kinyozi. Na Waswahili wamekwisha sema kuwa ahadi ni deni. Basi huzuka suali jepesi kuliuliza na zito kulijibu: mwenye duka anapoondoka, akafa au akahama, na herufi zake zikabaki ukutani, deni lile huwa la nani? Je, ukuta unasema uongo? Na aliyerithi ukuta ule, au aliyeununua, au aliyepewa na serikali, ana wajibu gani kwa maneno ambayo hakuyaandika yeye?

Wako watakaoliona suali hili kuwa dogo. Watasema kibao ni biashara, na biashara ikisha, kibao kimekwisha. Tena watashika methali isemayo kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wakadai kwamba tangazo lolote ni kujitembeza, halistahili heshima ya kuhifadhiwa. Lakini methali ile haikihusu kibao cha mkono. Kibao hakitembei. Hakimfuati mtu nyumbani wala hakimwiti kwa jina. Kimesimama pale pale penye kitu kinachotajwa, na atakaye kuhakikisha ukweli wake huvuka kizingiti tu. Tofauti na kelele za mnadi, kibao hufungamana na mahali. Na kwa sababu hiyo, mahali panapobadilika ndipo taabu yake inapoanza.

Mji Mkongwe wa Unguja ni pahala pazuri pa kulipimia suali hili. Mji huo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, husifiwa kwa milango na vibaraza vyake, lakini pia ni mji wa kusomwa. Juu ya vizingiti vya milango mingi kumechongwa maandishi ya Kiarabu, mengine yakiwa na mwaka wa Hijria, ili ajaye ajue ni lini nyumba ilisimama. Zimo herufi za Kigujarati za wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya bahari. Kisha zikaja herufi za Kirumi, zilizoshika nguvu pamoja na skuli za kikoloni, ilhali Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hapo. Mpita njia mwenye macho anaweza kusoma, katika mwendo wa dakika kumi, nani alikuwa na neno katika mji huu, kwa hati gani, na kwa zamu gani.

Katika tabaka hizo, iliyo dhaifu kuliko zote ni ya rangi. Mbao zilizochongwa huishi miaka mia na zaidi. Rangi iliyopakwa juu ya lipu ya chokaa, katika hewa ya chumvi na mvua za masika, haina umri huo. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunywa maji na kuyatoa kama kwamba zinapumua. Kila msimu ukuta humeng'enyuka kidogo, na herufi huenda pamoja nao. Kwa hivyo kibao cha kale kilichosalia kimeokoka hapa na pale kwa bahati: chini ya roshani, nyuma ya bati, juu ya mlango usiofunguliwa tena.

Kabla ya kuhukumu nini kifanywe kwa masalia hayo, hapana budi kumtazama aliyeyafanya. Fundi wa kuandika vibao alianza kwa uzi uliopakwa chaki, ukavutwa baina ya ncha mbili na kuachiwa ili uache mstari. Akachora mstari wa juu na wa chini, akaziweka herufi kwa chaki, kisha akachukua brashi ya nywele laini na rangi ya mafuta, mkono wake ukiegemea kijiti ili usitetemeke. Hapo palikuwa na siri ambayo hakuna asiyeiona na ni wachache wanaoijua. Herufi ya mviringo kama O au S, ikibanwa ndani ya mistari miwili sawasawa na H, huonekana fupi kuliko mwenziwe. Kwa hivyo fundi huitokeza kidogo juu na kidogo chini, ili jicho lizione zote kuwa sawa. A na V zikisimama jirani husogezwa karibu zaidi, maana nafasi iliyo kati yao huonekana kubwa hata kama rula inakataa. Usawa alioutafuta fundi haukuwa usawa wa rula. Ulikuwa usawa wa haki: kila herufi kupewa kinachoifaa ili isionekane kudhulumiwa mbele ya nyingine. Siri hii itahitajika tena mbele, katika jambo lililo zito kuliko vibao.

Sasa lirejewe suali la uongo. Na uchukuliwe mfano wa ukuta ulioandikwa kuwa hapa hutengenezwa saa, ilhali kwa miaka arubaini ndani yake huuzwa unga na mafuta ya taa. Maneno ni yale yale, lakini mambo si yale yale. Je, huo si uongo? Jawabu ni kwamba uongo si maneno yasiyolingana na mambo, bali ni tendo la mtu. Ili pawe na uongo lazima pawe na msemaji anayejua kuwa alisemalo silo, na anayetaka kuaminiwa. Ukuta hautaki kuaminiwa. Aliyesema amekwisha nyamaza, na alipokuwa akisema alisema kweli. Kilichobaki si dai tena, bali ni ushahidi: si kwamba saa hutengenezwa hapa, bali kwamba palikuwa na mtu aliyezitengeneza, na kwamba alitaka ajulikane kwa kazi yake.

Lakini msomaji wa ukuta atajuaje kuwa dai limegeuka ushahidi? Hapo ndipo uchakavu unapofanya kazi yake. Kibao aghalabu hakina kitenzi. Husema tu "fundi wa saa", bila ya kueleza kuwa yuko, alikuwapo au atakuja. Lugha ya Kiswahili, ambayo katika kila tendo humlazimisha msemaji kuonyesha wakati, hapa imemwachia huru. Rangi inapochujuka, wakati ule uliokosekana huingia. Kufifia ndiko "li" ya kibao. Mgeni anayepita hata siku moja hatasimama chini ya herufi zilizobabuka na kutoa saa mfukoni. Herufi zenyewe zimekwisha mwambia kuwa habari hii ni ya zamani.

Wala watu wa Unguja si wageni wa majina yaliyowapita wenye majina. Darajani hakuna daraja. Lilikuwako, likivusha watu baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo wakati hori lilipokuwa likiingiza maji ya bahari nyuma ya mji. Hori likafukiwa, daraja likatoweka, na jina likabaki juu ya soko na kituo cha magari. Hakuna anayelalamika kuwa amedanganywa. Jina Darajani halimwahidi mtu daraja. Linamkumbusha kwamba mji huu uliwahi kugawanyika kwa maji, na kwamba waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa ng'ambo. Anayetaka kulifuta jina hilo kwa sababu si sahihi atakuwa amefuta, pamoja na daraja, sababu ya daraja.

Basi kama herufi iliyochujuka haisemi uongo, ni nani anayeweza kuusema kwa kuitumia? Ni yule anayeifufua. Hapa maadili na mapenzi huachana njia. Mwenye mkahawa mpya hukikuta kibao cha zamani juu ya mlango wake, akakipenda, na kwa nia njema akamwita fundi azipake herufi rangi mpya, nyekundu kwa nyekundu na kivuli kwa kivuli. Herufi ni zile zile na mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni msemaji. Aliyesema mwanzo alikuwa fundi wa saa. Anayesema sasa ni mwenye mkahawa, na yeye hana saa ya kutengeneza. "Li" imepanguswa, na ushahidi umerudishwa kuwa dai, ila safari hii ni dai lisilo na mwenyewe. Tena kuna linalozidi hilo: jina la mtu mwingine limetiwa kazini. Linamvutia mtalii kwa ukongwe ambao mkahawa haukuuishi, na faida yake huingia mfuko ambao mwenye jina hakuujua. Vivyo hivyo kwa vibao vipya vinavyoandikwa kwa makusudi vionekane vikuukuu, vikapigwa msasa pembezoni ili vidhaniwe vimeonja mvua. Hivyo havina hata udhuru wa kuwa vilikuwa kweli siku moja.

Kinyume cha kufufua ni kufuta, na kufuta kuna historia nzito katika visiwa hivi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliondoa utawala, na pamoja nao yakaondoa watu. Wengi waliuawa, wengi walikimbilia Bara, Oman, India, Uingereza na kwengineko. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na katika baadhi yake wakaingizwa wakaazi wapya waliotoka Ng'ambo na mashamba. Majina ya umma nayo yalibadilika. Hospitali kuu iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Karimjee Jivanjee ikaitwa kwa jina la V. I. Lenin, na baadaye ikarudi kwenye jina la kiwanja kilicho karibu nayo, Mnazi Mmoja. Mwenye kuyatafakari majina hayo matatu, la tajiri, la mwanamapinduzi wa nchi ya mbali na la mti, huona jinsi mji unavyojaribu kujieleza upya, na jinsi mwisho wake unavyotafuta utulivu katika jina lisilomtaja mtu.

Ndani ya mabadiliko hayo makubwa, kibao kidogo cha dukani kiliachwa. Hakikuwa na maana ya kisiasa ya kutosha kumfanya mtu apande ngazi. Matokeo yake ni kwamba familia iliyopewa chumba baada ya mwaka 1964 ilipata kuishi, pengine kwa vizazi viwili, chini ya jina la mtu ambaye hawakumwona na ambaye hakupenda kuondoka. Watoto wao walijifunza kusoma kwa kuzisoma herufi zake. Hali hiyo haina haki kamili upande wowote, na asiyekiri hivyo bado hajaanza kufikiri. Aliyeondoka alinyang'anywa; aliyeingia naye alikuwa amenyimwa kabla ya hapo. Ukuta mmoja umebeba malalamiko mawili, na ni moja tu lililoandikwa kwa rangi.

Na hapa ndipo lilipo pingamizi kubwa dhidi ya kila mapenzi ya vibao vya kale. Walioandika majina yao kutani ni wale waliokuwa na kuta. Hamali aliyebeba magunia ya karafuu hadi gatini hakuwa na kibao. Mchukuzi wa maji hakuwa na kibao. Mpishi, yaya na mfua nguo walijulikana kwa sauti na kwa nyayo. Huko Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ambapo kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa baada yake, ziko sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Sanamu zile zina nyuso, lakini hazina majina. Maana waliouzwa pale hawakuachiwa pahala pa kuyaandika. Basi mji ukihifadhi kila herufi iliyopakwa rangi na usihifadhi kingine, utakuwa umehifadhi daftari la wenye nacho na kuliita kumbukumbu ya wote. Ni haki kuuliza kwa nini mjukuu wa hamali ailinde kwa jasho lake fahari ya duka ambalo babu yake aliingia kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halifiki pale linapodhani limefika. Kwanza, kibao hakina mkono wa mwenye duka. Kina mkono wa fundi, na fundi aghalabu hakutia sahihi. Aliandika majina ya wengine mchana kutwa, akarudi nyumbani na lake mdomoni. Anayelifuta jina la tajiri kwa ajili ya wanyonge hufuta kazi ya mnyonge mmoja iliyobaki: lile duara la O lililotokezwa kidogo kupita mstari, ambalo hakuna tajiri aliyejua kuliagiza. Pili, kufuta jina moja hakuandiki jingine. Ukuta mweupe haumkumbuki hamali. Haumkumbuki mtu yeyote. Dhulma ya kwanza ilikuwa kwamba baadhi ya watu hawakuandikwa, na dawa yake ni kuandika. Hapa ndipo siri ya fundi inaporudi. Haki kati ya majina haiji kwa rula moja. Yaliyokuwa na kuta yanahitaji kuachwa tu. Yasiyokuwa na kuta yanahitaji kutafutwa katika vinywa vya wazee, kwa bidii iliyozidi, na kutokezwa juu ya mstari, ili jicho la mji hatimaye liyaone kuwa sawa.

Kwa hivyo mrithi wa ukuta ni nani mbele ya herufi zile? Si mwenye nazo, maana hakuziandika wala hakuandikwa. Si mgeni wao, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuziangamiza asubuhi moja kwa ndoo ya chokaa. Neno linalomfaa Waswahili walikwisha kuwa nalo, nalo ni mwekwa amana. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo kwayo watu wa pwani hii wamehukumiana kwa karne nyingi, wameifafanua hali ya mtu huyo kwa makini. Aliyewekewa kitu hutakiwa akilinde kama alindavyo chake. Hana ruhusa ya kukitumia wala kukifanyia biashara bila ya idhini ya mwenyewe; akikitumia, dhamana inamwangukia. Lakini kitu kikipotea au kikiharibika bila ya uzembe wake, hadaiwi. Kanuni hizi ziliwekwa kwa ajili ya dhahabu na mifugo, lakini zikipimwa juu ya jina lililoachwa ukutani hazipwaye wala hazibani.

Zikipimwa hivyo, hukumu za mambo ya kila siku huwa nyepesi zaidi. Mwenye duka wa leo anahitaji jina lake lionekane, na haki hiyo hawezi kunyang'anywa. Walio hai nao wana ahadi za kutoa. Lakini anaweza kulitundika jina lake kwenye ubao uliosimamishwa kwa vyuma viwili, pembeni au chini ya la zamani, badala ya kulipaka juu yake. Majina mawili kwenye mlango mmoja hayagombani. Mpitaji huelewa mara moja kuwa la rangi kali ndilo la leo. Katika miaka ya 2000, kampuni za simu za mkononi zilipozipaka kuta za maduka rangi zao katika miji ya Afrika ya Mashariki, wengi waliitoa kuta nzima kwa malipo madogo au kwa rangi ya bure. Aliyekuwa na herufi za kale na akazitoa vivyo hivyo hakuuza ukuta wake tu, aliuza alichowekewa. Na hasara haikuishia kwenye herufi. Rangi ya plastiki na lipu ya saruji huziba pumzi ya ukuta wa chokaa, unyevu ukafungika ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vipande. Anayetaka kuhifadhi na airudishie kingo za lipu kwa chokaa, asiziguse herufi. Kuzuia ukuta usianguke ni ulinzi. Kuisemea herufi upya ni kuitumia amana.

Litabaki suali moja la mwisho. Kama herufi haziruhusiwi kufufuliwa, basi siku moja zitakwisha. Masika ya mwaka fulani yatakuja na "fundi" itaondoka, kisha "saa", na ukuta utakuwa kama kwamba haukuwahi kusema kitu. Je, ulinzi wote huo ulikuwa wa nini? Wapo wanaodhani kuwa amana isiyoweza kudumu haifai kulindwa. Lakini karibu kila amana ambayo binadamu huwekewa ni ya namna hiyo: mzee wa kumuuguza, mtoto wa kumlea hadi aondoke, lugha ambayo itabadilika hata ikilindwa vipi. Wajibu haupimwi kwa kudumu kwa kitu. Hata Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote ya mji huu, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu yake mwezi wa Disemba mwaka 2020 na kuua watu wawili. Na huzuni ya siku ile haikuwa kwa sababu jiwe limekufa, kwani mawe hufa. Ilikuwa kwa sababu kila aliyeona vumbi lile alijiuliza kama mikono iliyowekewa ilifanya yaliyoipasa.

Hilo ndilo suali ambalo kibao kidogo humuuliza aliyekirithi, naye hawezi kulijibu kwa niaba ya mvua. Mvua ikilichukua jina, hakuna anayedaiwa. Ilikuwa haki yake tangu siku rangi ilipokauka. Akilichukua mtu, kwa ndoo ya chokaa au kwa brashi ya kulipamba, deni lile la ahadi lililoachwa mlangoni limehamia kwake.